Tusimlaumu msikilizaji: ukali wa mchambuzi hutengenezwa studio

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu wachambuzi wa siasa wanaogawa watu, majibu huwa mawili. La kwanza, wasikilizaji ni wajinga. La pili, mchambuzi mwenyewe amejaliwa ulimi. Majibu yote mawili yanamsahau mtu ambaye hatajwi kamwe: mwandaaji wa kipindi, yule anayeamua nani aitwe, akae wapi, apewe dakika ngapi, na kipande kipi cha maneno yake kikatwe kirushwe mitandaoni. Naandika kueleza kazi hiyo inavyofanyika. Naamini mvuto wa wachambuzi hawa umo zaidi katika mpangilio wa kipindi kuliko katika vichwa vya watu, na mpangilio hubadilishwa kwa urahisi kuliko vichwa.

Kwanza tumtendee haki msikilizaji. Anayerudi kwa mchambuzi yuleyule kila siku anapata kitu anachokihitaji kweli. Muswada wa sheria una kurasa nyingi, umeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na matokeo yake yataonekana baada ya miaka. Mchambuzi mkali anamwambia kwa dakika nne nani kauleta, kwa nini, na nani ataumia. Hata likiwa si sahihi, jibu hilo limekamilika, na mtu aliyechoka na kazi za mchana hupumzika anapopata jibu lililokamilika. Mtaalamu anayesema "inategemea" anamwongezea mzigo.

Kisha kuna usuhuba. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza jinsi watazamaji wa televisheni wanavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtu wa kwenye kioo. Wao wanamjua, yeye hawajui, lakini akisemwa vibaya wanaumia. Kipindi cha redio cha Rush Limbaugh, mchambuzi wa mrengo wa kulia, kilichoanza kusikika Marekani nzima Agosti 1988, kilikuwa cha saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 15. Ni watu wachache wanaozungumza saa 15 kwa wiki hata na ndugu zao wa damu. Ndiyo maana anayemjibu mchambuzi wa namna hiyo kwa takwimu hafiki mbali: yeye anadhani anapinga hoja, kumbe msikilizaji anasikia rafiki yake akishambuliwa.

Jambo jingine ni hili, na wenzangu wengi katika fani ya habari hawalipi uzito. Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliowaonyesha waungaji mkono wa Israel na waungaji mkono wa Waarabu taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya mwaka 1982. Kila upande uliona kuwa taarifa hizo zinaupendelea upande wa pili. Maana yake ni kwamba kwa mtu mwenye msimamo mkali, mtangazaji asiyeegemea popote husikika kama adui, na mchambuzi wa upande wake husikika kama mtu wa kwanza kusema ukweli. Kwa hiyo chombo cha habari kinachojibu malalamiko kwa kusema "sisi hatuegemei" kinajitetea kwa kitu ambacho mlalamikaji hawezi kukiona.

Sasa twende studio.

Mfano mzuri wa kuanzia ni mwaka 1968. Kituo cha televisheni cha ABC kilikuwa cha tatu kati ya vituo vitatu vikubwa vya Marekani na hakikuwa na fedha za kurusha mikutano mikuu ya vyama tangu ufunguzi hadi mwisho kama washindani wake. Kikapunguza matangazo, kikawaweka mezani watu wawili waliokuwa wakichukiana, William F. Buckley, mwandishi wa kihafidhina, na Gore Vidal, mwandishi wa kiliberali, wajibizane kila usiku. Tarehe 28 Agosti, mkutano wa Chicago ukiendelea, Vidal alimfananisha Buckley na Wanazi, na Buckley akatishia kumpiga ngumi ya uso, wote wakiwa hewani. Vituo vingine viliiga. Tazama sababu iliyoanzisha jambo hili: uhaba wa fedha. Kumtuma mwandishi akachunguze habari kunahitaji usafiri, siku kadhaa, mhariri wa kuhakiki, pengine na wakili. Viti viwili na meza vinahitaji umeme na maji ya kunywa. Hesabu hiyo haijabadilika hadi leo, na mwenye kituo akisema "watu wanapenda mabishano" anasema nusu tu ya ukweli. Mabishano pia ndiyo bidhaa ya bei nafuu kuliko zote anazoweza kuzijazia saa moja.

Uteuzi wa wageni hufanyika siku moja kabla, kwa simu. Mwandaaji anatakiwa kuuliza "unajua nini kuhusu jambo hili?" Mara nyingi anauliza "msimamo wako ni upi?" Mgeni akijibu kwamba kuna mazuri na mabaya, anashukuriwa na hapigiwi tena. Akijibu kwa sentensi moja inayouma, jina lake linaingia kwenye orodha. Baada ya miezi sita orodha ina watu kumi na wawili, wote wakali, na mwandaaji mpya anayeikuta anaamini hao ndio wataalamu waliopo.

Halafu njoo kwenye muda. Chukua sehemu ya dakika saba yenye wageni watatu. Ondoa sekunde 40 za utangulizi, ondoa dakika moja na sekunde 20 za maswali ya mwongoza kipindi. Zinabaki dakika tano, yaani dakika moja na sekunde 40 kwa kila mgeni. Kwa mwendo wa maneno 120 hivi kwa dakika, kila mmoja ana maneno 200. Jaribu kueleza kwa maneno 200 jinsi deni la taifa linavyoathiri bei sokoni. Haiwezekani. Lakini maneno 200 yanatosha sana kumwita mtu msaliti na kumtaka ajiuzulu. Mgeni mwenye busara akilazimishwa ndani ya kipimo hicho hutoka na sifa ya mtu asiyejua kujieleza, na mkali hutoka shujaa, ingawa kilichoamua ni saa iliyo ukutani.

Kamera nayo ina kazi yake. Mtafiti Diana Mutz alirekodi mjadala uleule kwa namna mbili: waigizaji walewale, hoja zilezile, mara moja kwa adabu na mara nyingine kwa kukatizana na kebehi. Watazamaji wa mjadala wa kebehi walisisimka zaidi na waliuona unaburudisha zaidi, lakini imani yao kwa wanasiasa na taasisi ilishuka. Aligundua pia kwamba uso unaovutwa karibu sana na kamera, pamoja na ukosefu wa adabu, humfanya mtazamaji auone upande wa pili kuwa haustahili hata kusikilizwa. Katika maisha ya kawaida uso wa mtu hutusogelea kiasi hicho akiwa mpenzi wetu au akiwa anataka kupigana nasi. Skrini iliyogawanywa mara mbili, nyuso mbili zenye ghadhabu zikijaza kioo, huuamsha mwili kabla akili haijasikia hoja.

Maandishi ya chini ya skrini nayo yasipuuzwe. Alama ya kuuliza ndiyo silaha kuu hapo. "Waziri amehongwa?" Hakuna aliyesema amehongwa, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa, lakini aliyepita sebuleni akasoma mara moja ameondoka na tuhuma.

Katika vipindi vya kupiga simu, wasikilizaji wengi hawajui kwamba simu huchujwa. Kuna mtu anayezipokea kwanza, anauliza jina, mahali na hoja, kisha anampangia mwongoza kipindi. Anayepita ni anayekubaliana kwa moto, au anayepinga bila kujipanga. Anayepinga kwa ushahidi husubiri kwenye simu mpaka kipindi kiishe. Saa moja ya namna hiyo hujenga picha kwamba taifa zima lina mawazo mamoja na wapinzani wote ni dhaifu.

Husemwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo haiwafai wachambuzi ninaowazungumzia. Wanaodumu wamejiandaa vizuri, na mbinu zao zinajirudia kiasi kwamba anayezijua huziona zikija. Kuna ya kumtafuta mtu mmoja mpumbavu wa upande wa pili, aliyeandika jambo la ovyo na kusomwa na watu hamsini, na kumgeuza kuwa msemaji wa mamilioni. Kuna ya kuhama kutoka kwenye sera kwenda kwenye nia: badala ya "kodi hii itapunguza ajira", inakuwa "hawa wanataka muwe maskini". Tofauti ni kubwa. Sentensi ya kwanza unaweza kuipima mwakani, ya pili haipimiki milele. Kuna "jambo wasilotaka mlijue", ambalo kwa kawaida limo kwenye ripoti ya serikali iliyochapishwa wazi. Na kuna utabiri usio na tarehe: "nchi hii inakwenda pabaya." Lini? Kwa kipimo gani?

Mbinu ya mwisho ni mlango wa nyuma. Akibanwa, mchambuzi husema yeye ni mburudishaji tu. Mwaka 2020 mahakama ya Marekani iliitupa kesi ya kashfa dhidi ya kituo cha Fox News kuhusu maneno ya mtangazaji wake Tucker Carlson, ikikubali hoja ya mawakili wa kituo kwamba mtazamaji mwenye akili timamu angeyachukulia kuwa maneno ya kutia chumvi, si taarifa ya ukweli halisi. Kwenye kipaza sauti maneno ni ukweli ambao wengine wanauficha, mbele ya hakimu ni chumvi. Msikilizaji hakuambiwa hilo jioni alipokuwa akisikiliza.

Mitandao ya kijamii haikuanzisha haya, imeyaongezea kasi kwa kipimo kinachojulikana. Utafiti wa William Brady na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kila neno lenye hisia na hukumu ya kimaadili lililoongezwa kwenye ujumbe wa kisiasa Twitter liliongeza kusambaa kwake kwa asilimia 20 hivi. Utafiti mwingine, wa Steve Rathje na wenzake mwaka 2021, uliopitia machapisho zaidi ya milioni mbili ya Facebook na Twitter, ulikuta kwamba kila neno linalohusu kambi ya wapinzani liliongeza uwezekano wa kusambazwa kwa asilimia 67 hivi. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 alama za hisia, ikiwemo ya hasira, zilipewa uzito mara tano ya ule wa alama ya kupenda. Uzito wa hasira ulifutwa mwaka 2020. Mwanzoni, basi, mashine iliyokuwa ikichagua nini watu waone ilihesabu hasira moja sawa na kupendwa mara tano, na hata uzito huo ulipoanza kupunguzwa mwaka 2018 ulibaki mara nne. Mwandaaji anayekata kipande cha sekunde 40 kutoka kipindi cha saa moja anajua kipi kitasafiri, na haihitaji kuwa mwovu ili akichague. Anahitaji tu kuwa na bosi anayehesabu watazamaji kila asubuhi.

Mwishowe mchambuzi mwenyewe huwa mateka. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hapa ngozi humvuta mwambaji. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2020, Fox News ilipomtangaza Joe Biden mshindi wa Arizona, watazamaji wake walikasirika na baadhi wakahamia vituo vingine. Ujumbe wa ndani uliotolewa mahakamani baadaye ulionyesha watangazaji wakuu wakiyadharau faraghani madai ya wizi wa kura ambayo kituo chao kilikuwa kikiyapa nafasi, huku wakihofia kuwapoteza watazamaji. Aprili 2023 kituo kilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5. Aliyewafundisha wasikilizaji kutaka moto hana tena ruhusa ya kuwapa maji.

Na usahihi? Mtafiti Philip Tetlock alikusanya kwa takriban miaka 20 utabiri wa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, zaidi ya 80,000 kwa jumla, akaulinganisha na yaliyotokea. Wengi walifanya vibaya. Waliojulikana zaidi katika vyombo vya habari walikuwa na mwelekeo wa kukosea zaidi, na waliojieleza kwa wazo moja kubwa walizidiwa na waliochanganya mawazo mengi na kujisahihisha. Yaani sifa ileile inayompa mtu kiti studio, uhakika usiotetereka, ndiyo inayomkosesha.

Wapo watakaosema dawa ni kufungia. Nitalipita hili kwa haraka. Kuna mstari wa jinai, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliuchora katika hukumu yake ya Desemba 2003 dhidi ya waasisi wa redio ya RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Redio ile ilianza Julai 1993 kwa muziki unaopendwa na utani wa mitaani, na watu waliipenda kabla haijaanza kutaja wa kuuawa. Anayehimiza mauaji ashtakiwe. Lakini wachambuzi wengi hawafiki huko, na kuwafungia huwapa ushahidi wa kile walichokuwa wakisema, kwamba kuna ukweli unaofichwa.

Dawa nyingine isiyofanya kazi ni kumlazimisha mtu asikilize upande wa pili. Christopher Bail na wenzake, mwaka 2018, waliwalipa watu wafuate akaunti ya Twitter iliyokuwa ikisambaza maoni ya kambi pinzani kwa mwezi mmoja. Warepublican walizidi kuwa wahafidhina, wala Wademokrati hawakulegea. Jaribio la David Broockman na Joshua Kalla la mwaka 2020 lilikwenda vizuri zaidi: watazamaji wa kawaida wa Fox News walilipwa dola 15 kwa saa watazame CNN, hadi saa saba kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Walijifunza mambo ambayo kituo chao hakikuwa kikiyataja na baadhi ya maoni yao yakasogea. Malipo yalipokoma, wengi walirudi walikotoka. Nadhani tofauti iko hapa: akaunti za Bail zilisambaza maoni ya wapinzani, na wa Broockman walikutana zaidi na habari ambazo hawakuwa wamezisikia. Gazeti linalowapanga mahasimu wawili ukurasa mmoja na kuliita jambo hilo usawa linarudia jaribio la kwanza, lile la Bail.

Kwa hiyo naomba gazeti hili lifanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Kwanza na muhimu kuliko yote, anzisheni daftari la utabiri. Safu zake ziwe tano: tarehe, jina, maneno kamili ya mchambuzi, siku ya mwisho ya utabiri, na uwezekano kwa asilimia. Mchambuzi akisema "serikali itaanguka", mhariri ampigie jioni hiyohiyo aulize: kabla ya lini, na kwa uhakika wa asilimia ngapi? Akikataa kutaja, makala ichapishwe na neno "maoni" juu yake, na daftarini iandikwe kwamba alikataa. Kila baada ya miezi mitatu chapeni matokeo. Litakaloharibika ni mawili. Wahariri watasahau kupiga simu, kwa hiyo kazi hiyo apewe mtu mmoja mwenye jina. Na wachambuzi wataanza kutabiri mambo rahisi, kwamba bunge litakutana, kwamba bei zitabadilika, ili wapate alama. Ondoeni kwenye hesabu utabiri wowote ambao wote wameupa zaidi ya asilimia 95.

Mnapoendesha mjadala, wageni wawe wawili, muda usipungue dakika 12, na kila mmoja aanze kwa kueleza hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mara chache za mwanzo hilo litachukua dakika tatu nzima na litachosha. Msikate. Wageni wakishajua watapimwa kwa hilo, huja wamejiandaa, na dakika tatu hushuka kuwa moja. Kabla ya kumwalika mtu, mwulizeni ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Asiye na jibu hata moja, tafuteni mwingine.

Msichapishe kichwa cha habari chenye tuhuma na alama ya kuuliza. Msinukuu kipande cha video kilichosambaa bila mwandishi wenu kutazama dakika mbili kabla yake na dakika mbili baada yake. Mara nyingi maana yote iko humo. Sahihisho liwekwe ukurasa uleule lilikotokea kosa.

Wasomaji nao waweza kupima wenyewe kwa karatasi na kalamu. Chukua nusu saa ya mchambuzi unayempenda, usianze na unayemchukia, na piga mistari katika makundi matatu: sentensi inayoeleza jambo lililotokea, sentensi inayotoa maoni kuhusu jambo hilo, na sentensi inayoeleza nia iliyofichika moyoni mwa watu wengine. Fanya hivyo siku tano, kwa sababu siku moja inaweza kuwa na habari ya pekee. Ukiona kundi la tatu limezidi la kwanza, umekuwa ukisikiliza habari chache kuliko ulivyodhani. Wengi hukosea kwa kuweka "wanataka" na "wanapanga" katika kundi la kwanza. Yawekwe la tatu, isipokuwa pale mchambuzi alipotaja waraka au kauli ya wahusika wenyewe.

Daftari hilo la utabiri lianze na wachambuzi wa ukurasa wenu wa maoni, kabla ya kwenda redioni na mitandaoni. Na ikitokea kwamba anayeuza magazeti mengi kuliko wote ndiye aliyekosea kuliko wote, msimwondoe. Chapeni makala yake kama kawaida, na chini ya jina lake, kila wiki, wekeni hesabu yake: ametabiri mara ngapi, amepatia mara ngapi.

Msomaji wenu